Mama anakuja Aprili: York, Bath au Canterbury kwa treni?

Mnyamwezi_E7
Wakuu, salamu. Mama anakuja London wiki mbili. Amesema wazi anataka kupanda treni, atoke nje ya jiji, auone mji wa zamani. Ana miaka 68, goti linamsumbua, ngazi anazipanda kwa kuzihesabu. Ni siku moja tu, kwenda na kurudi. Nimebaki na York, Bath na Canterbury. Mliofika huko mnasemaje?

BintiPemba
Canterbury, wala usihangaike. Treni ya mwendokasi ya kutoka St Pancras inafika Canterbury West kwa kama saa moja. Ukitoka stesheni, mwendo mfupi tu uko Westgate, lango la karne ya 14, na kutoka hapo njia ni tambarare hadi kanisa kuu alikouawa Askofu Mkuu Thomas Becket mwaka 1170. Kanisani kuna kiingilio. Kasoro ni kwamba treni ikitoka London inapita sana chini ya ardhi, kwa hiyo dirishani mwanzoni ni giza tupu.

Mzee_wa_Reading
Mimi nasema Bath. Kutoka Paddington ni saa moja na nusu hivi. Kuna mabwawa ya Warumi, maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto yenyewe, nyuzi 46 hivi (kuoga hapo marufuku, mwambie mapema). Halafu kuna habari inayotuhusu sisi. Kabla ya Bath treni inapita handaki la Box, karibu kilomita 3, lililofunguliwa mwaka 1841. Si mbali na hapo ndipo mvumbuzi Mwingereza John Speke alipokufa kwa bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni, Septemba 15, 1864. Kesho yake alikuwa akutane na mvumbuzi mwenzake Richard Burton mjini Bath, wabishane hadharani kuhusu chanzo cha Nile. Ugomvi wenyewe ulianzia Tabora, enzi hizo Kazeh: mwaka 1858 Burton alibaki pale, Speke akaenda na kiongozi wa msafara Sidi Mubarak Bombay, akaliona Ziwa Victoria.

Mnyamwezi_E7
Mzee wangu, hapo umenigusa. Mama kazaliwa Tabora hiyohiyo, kota za reli. Babu alikuwa fundi karakana.

KondaMstaafu
Si ungesema mapema! Mtoto wa kota za reli unampeleka kuangalia mabwawa? York. Makumbusho ya Taifa ya Reli yako jirani kabisa na stesheni, bure, sakafu sawa, viti vipo. Atamkuta Mallard, kichwa cha moshi kilichokimbia kilomita 203 kwa saa mwaka 1938, na hakuna cha moshi kilichoivunja rekodi hiyo hadi leo. Kuta za mji achana nazo, zina ngazi. Mtazame kanisa la Minster kwa nje, mrudi.

BintiPemba
Konda, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, na goti lile? Nauli nayo?

KondaMstaafu
Dada, Tabora hadi Dar watu walikuwa wanalala kwenye behewa. Saa mbili kwake ni kusinzia kidogo tu.

Shangazi_Leicester
Mwanangu, popote mtakapokwenda, kwanza kata Two Together Railcard, kadi ya punguzo ya watu wawili, nyote wawili mnapunguziwa theluthi ya nauli. Ila Jumatatu hadi Ijumaa haifanyi kazi kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Tiketi ya Advance, ile ya kununua mapema, ni nafuu lakini imefungwa na treni moja. Mkichelewa imekula kwenu. Omba Passenger Assist, ni bure, watampandisha na kumshusha. Na Jumapili iepuke! Mwaka jana tulikuta reli inatengenezwa, tukapakiwa basi, safari ya saa moja ikawa tatu.

Mnyamwezi_E7
Nimempigia. Nilianza na Speke, akanikatiza: "Huko York kichwa cha moshi kipo?" Nikamwambia kipo. "Basi hayo mengine utanisimulia njiani." Nimekata Jumanne, saa nne asubuhi, King's Cross. Sasa anataka kubeba maandazi na chupa ya chai. Inaruhusiwa?

Shangazi_Leicester
Bebeni. Ongezeni na ya jirani wa kiti cha mbele, maana namjua mama wa Tabora, hatakula peke yake.