MREJESHO: Tovuti ya usajili wa semina iliyokuwa inajivuta

Wakuu, nilileta shida ya tovuti yetu ya WordPress ya kusajili semina hapa Dodoma, ilikuwa inafunguka kwa sekunde 14 mpaka watu wa Kondoa wanapiga simu tuwaandike kwa mkono. Mchawi nimempata. Nimeweka Query Monitor (plagini, yaani programu ya nyongeza, inayoonyesha kinachochelewesha tovuti) kama mlivyosema, kumbe plagini ya usajili inahesabu upya nafasi zilizobaki kwenye kila ukurasa, hata ule wa mawasiliano usio na fomu, halafu kila baada ya sekunde 5 inagonga admin-ajax.php (faili la WordPress linalopokea maombi ya nyuma ya pazia) ambayo kashe yetu, ile inayotunza nakala za kurasa ili zifunguke haraka, haiigusi kabisa. Hesabu hiyo nimeizima, fomu imebaki ukurasa mmoja. Sasa hivi sekunde 2, nimejaribu kwa simu nikiwa stendi ya Nanenane. Asanteni sana jamani, hasa aliyenizuia kulipia seva kubwa.