Takaungu: sukuma wiki inageuka njano, na chokaa imeongeza balaa

MamaTakaungu
Hamjambo wenzangu. Nina robo eka nyuma ya nyumba, Takaungu hapa Kilifi, si mbali na bahari. Ukipiga jembe mara mbili tatu unagonga jiwe jeupe, lile la matumbawe wanalokata kujengea. Mvua ya Aprili ilipoanza nilipanda sukuma wiki na nyanya. Mwezi haujaisha, majani machanga yakaanza kuwa njano huku vimishipa vya jani vimebaki kijani. Yale ya chini hayana neno. Shemeji yangu wa Kakamega akanipigia simu, ati udongo una asidi, nitie chokaa. Nikanunua mifuko miwili, mmoja nikaumwaga nusu ya shamba. Nusu hiyo ndiyo imeharibika zaidi! Na jivu la jikoni namwaga kila asubuhi, nikijua ni mbolea.

Kinachoniuma ni kwamba kwetu Kaloleni mama hanunui mbolea yoyote, na minazi, mihogo, migomba, vyote vimesimama. Kaunti si ni hii hii? Nimekosea wapi?

JembeLaMagharibi
Pole dada. Mimi ni wa Kakamega. Shemeji yako hakukudanganya, ila amekupa dawa ya kwao. Huku mvua ni nyingi, imeosha udongo mpaka ukawa na asidi, na mbolea ya DAP ya miaka nenda miaka rudi ikaongezea. Bila chokaa mahindi yanadumaa. Tunanunua ile inayotoka Koru. Ya Pwani nawaachia wenyewe.

BwanaShambaMstaafu
Mwanangu, wazee wetu walipata wapi chokaa ya kujengea misikiti na majumba ya Pwani? Walichoma matumbawe hayo hayo unayogonga na jembe. Umetia chokaa juu ya chokaa. Na jivu nalo lina tabia ile ile, liache leo hii.

Kama huniamini, chukua kijiko cha udongo mkavu, utie siki. Ukitoa povu na kuvuma, chokaa imo tele.

Huo unjano wa majani machanga wenye mishipa ya kijani ni njaa ya chuma. Chuma kimo ardhini, lakini kwenye udongo wa chokaa kinajifunga, mizizi haikipati. Ungekuwa upungufu wa naitrojeni, majani ya chini ndiyo yangetangulia kuwa njano. Kwa hiyo usikimbilie yurea, ile mbolea ya naitrojeni. Isitoshe, yurea ukiimwaga juu ya udongo kama huo bila kuifukia, sehemu kubwa inapotea hewani.

Kuhusu kwa mama: Kilifi si udongo mmoja. Ukitoka baharini kwenda bara unavuka mikanda. Kwanza huo wako wa matumbawe, udongo wa kiganja kimoja juu ya jiwe. Kisha mchanga, mwekundu kule Magarini, unaochimbika kwa raha lakini maji hayakai na rutuba ni haba. Mikorosho na mihogo inaupenda kwa sababu mzizi unashuka bila kizuizi. Halafu unapanda vilima vya Rabai na Kaloleni, mvua inazidi kidogo na udongo una kina, ndiyo maana minazi imejaa. Ukiteremka nyuma yake kuelekea Ganze na Bamba ni ukame, pojo na kunde na mbuzi. Nimezunguka mikanda hiyo yote kwa baiskeli enzi za kazi, magoti yangu ni shahidi.

La kufanya: acha kulima eneo zima. Chimba mashimo mahali jiwe lilipo chini kidogo, uyajaze samadi ya mbuzi iliyooza na udongo wa kuletwa, upande humo. Juu tandaza makuti na makumbi, unyevu usikimbie. Sukuma iliyopo inyunyizie majani kwa mbolea ya maji yenye chuma, itapona kiasi, lakini utarudia kila mara. Mimi ningepanda mchicha, hauna deko. Na mkomamanga mmoja pembeni, unavumilia chokaa.

Kadzo_wa_Bamba
Mzee kamaliza. Mimi nauliza tu: unamwagilia maji gani? Kisima karibu na bahari mara nyingi kina munyu. Dada yangu alilaumu udongo mwaka mzima, kumbe ni maji. Ncha za majani zilikuwa zinakauka kama zimeunguzwa.

MamaTakaungu
Nimerudi. Siki imevuma kama soda iliyotikiswa, watoto wameomba nirudie mara tatu. Nikajaribu pia udongo niliobeba kwa mama kwenye mfuko wa unga: kimya kabisa.

Kadzo, maji ni ya mvua kwenye tangi, kwa hilo nimeokoka. Ncha hazijaungua.

Mashimo nimechimba sita, la saba jiwe limenishinda. Mfuko wa pili wa chokaa fundi ameuomba akapakie ukuta wa choo. Mzee, shimo la mchicha liende chini kiasi gani?

BwanaShambaMstaafu
Mchicha mizizi yake si mirefu, futi moja yatosha. La komamanga ndilo ulitafutie mtaimbo, lifike futi mbili.