P ya 0.03 maana yake nini hasa?

Wakuu, nimelinganisha alama za msongo wa mawazo kwa makundi mawili, p (thamani inayotoka kwenye jaribio la takwimu) imetoka 0.03. Naweza kuandika nina uhakika wa asilimia 97 kwamba tiba inafanya kazi?

> Hapana mkuu. P inasema hivi, kama kweli hakuna tofauti yoyote basi data kama zako au kali zaidi zingetokea kwa bahati tu kama mara 3 kati ya 100, basi, haisemi tiba ni kweli kwa asilimia ngapi.

> Na ile 0.05, mpaka ambao p ikiwa chini yake watu husema tofauti ni ya maana kitakwimu, ni mazoea tu tangu mwanatakwimu Fisher 1925. Ripoti na d ya Cohen, yaani kipimo cha ukubwa wa tofauti kati ya makundi, maana sampuli ikiwa kubwa hata katofauti kadogo kanatoa p ndogo.

> Makundi uliyagawa kwa bahati nasibu au walijichagulia? Kama walijichagulia p haikuokoi, maana tofauti inaweza kuwa ya watu wenyewe, si ya tiba.