Ambulensi ilipiwe na nani, mgonjwa au kodi?

Mleta mada: Wakuu, kwangu mimi ambulensi iendeshwe kama zimamoto. Gharama kubwa ya huduma hii haiko kwenye safari, iko kwenye kukesha: gari lina mafuta, wahudumu wako zamu, na huenda simu isilie usiku kucha. Ukilipia safari tu, huko kukesha analipa nani? Tazama Marekani. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, kwa kawaida hulipa pale mgonjwa anapobebwa. Wahudumu wakimtuliza nyumbani kwake, kazi hiyo haina malipo. Basi kila mtu anapakiwa! Hata sheria yao ya kuzuia bili za kushtukiza, iliyoanza kutumika 2022, iligusa helikopta, ikayaacha magari.

Mchangiaji wa 1: Bure nayo ina hasara, mkuu. Gari likienda kwa aliyejikata kidole, aliyesimama moyo anasubiri. Bila kugandamizwa kifua, kila dakika inampunguzia nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Weka ada, hata ndogo, watu wafikiri kabla ya kupiga.

Mleta mada: Anayebanwa kifua atajuaje kama ni gesi au moyo? Ada itamfanya asiye nacho angoje kupambazuke, na mwenye nacho atapiga hata kwa hicho kidole. Ufaransa ukipiga 15 unafika SAMU, kituo cha simu za dharura za kitabibu, na daktari ndiye anayeamua: ushauri wa simu unatosha, au litumwe gari, tena pengine lenye daktari ndani. Huo ndio mchujo.

Mchangiaji wa 2: Nyote mnasema "kodi" kana kwamba ikikusanywa inafika. Ikiingia mfuko mkuu, ambulensi inagombania na barabara, na barabara ina wapambe wengi. King County, kule Seattle, Marekani, tangu 1979 wapiga kura hupitisha kodi ya majengo ya huduma hii peke yake, kwa miaka maalumu, kisha inarudi kwao kupigiwa kura upya. Hiyo naielewa. Uingereza, helikopta nyingi za wagonjwa huishi kwa michango ya hisani. Inatia moyo, lakini mwaka wa ukata je?

Mchangiaji wa 1: Kwenye daktari wa simu nimekubali. Ila anayepiga kwa utani atozwe.

Mleta mada: Wa utani sawa. Aliyeogopa bure je, naye utamwita mtani?