Antena ya wino wa fedha: mbona haifiki mbali?

Swali
Wanajukwaa, natengeneza lebo nyembamba ya kupima joto, inayotumia seli ya jua na kutuma vipimo kwa Bluetooth. Antena nimeichapisha juu ya plastiki ya PET kwa printa ya matone, nikitumia wino wa chembe ndogo mno za fedha. Antena ya umbo lilelile niliyoikata kwenye karatasi ya shaba inafika mbali zaidi, ilhali fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza
Ndugu, tazama unene kabla ya umbo. Fedha iliyochapishwa ni chembe zilizoshikanishwa kwa joto, na kwa kuwa PET haivumilii joto la kupita nyuzi 150 hivi, chembe hizo haziungani kikamilifu, hivyo ukinzani wake huwa mara kadhaa ya ule wa fedha halisi. Katika gigahezi 2.4, masafa ya Bluetooth, mkondo hupita karibu na uso tu wa metali: katika shaba, kina chake ni takriban maikromita 1.3, na katika wino wenye ukinzani mara tano kinakaribia maikromita 3. Printa ya matone kwa kawaida huacha tabaka lisilofika hata maikromita 1, hivyo mkondo hubanwa kwenye tabaka jembamba kuliko kina hicho, na nguvu iliyopaswa kurushwa hewani inaishia kuwa joto ndani ya antena. Ichapishe kwa skrini, yaani kwa kusukuma wino kupitia wavu, njia ambayo huweka maikromita kadhaa kwa mkupuo mmoja.

Jibu la pili
Naafiki. Usisahau pia upande wa nishati, ambako lebo nyingi hukwama hata antena ikiwa nzuri. Ndani ya nyumba, kila sentimita mraba ya seli hutoa maikrowati 10 hivi, kwa hiyo seli ya sentimita mraba 10 hutoa maikrowati 100, wakati redio inayovuta miliampia 8 kwa voliti 3 inahitaji miliwati 24. Seli haiwezi kuilisha moja kwa moja, weka kapasita, kifaa cha kulimbikiza umeme kidogo kidogo na kuutoa kwa mkupuo. Ujumbe wa milisekunde 5 hula maikrojuli 120, na seli hurudisha kiasi hicho kwa sekunde moja na ushei, mradi chipu ilale usingizi mzito kati ya ujumbe na ujumbe.

Muulizaji
Nashukuru sana. Sikuwa nimepima unene kabisa. Nilipima ukinzani kwa mkondo wa moja kwa moja (DC, kama wa betri) tu, nikaridhika. Je, chipu niilehemu?

Jibu la kwanza
Lehemu ya kawaida isiyo na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 na kuendelea, na PET itajikunja. Tumia ile ya bati na bismuthi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 138, au gundi inayopitisha umeme.