Mapazia ya kirumi ya kushonesha: nimpe fundi vipimo gani?

Mkazi_Kigamboni

Habari zenu wakuu. Nataka kushonesha mapazia ya kirumi, yale yanayopandishwa juu kwa mikunjo mipana badala ya kuvutwa pembeni. Nyumba iko Kigamboni, jirani na bahari. Sebuleni kuna madirisha mawili ya aluminiamu ya kusukuma, kila moja sm 150 kwa 150, upande wa jua la jioni. Nondo ziko ndani, na kutoka kwenye nondo hadi usawa wa ukuta pamebaki sm 5 tu. Jikoni kuna dirisha la upana wa sm 90 na urefu wa sm 100, juu ya sinki, halina nondo ndani.

Fundi ameniambia nimtumie "vipimo vya dirisha" kwa WhatsApp, basi. Vinatosha? Kitambaa nimependa kitani tupu, rangi ya mchanga. Nyumbani kuna watoto wawili wadogo.

Pimamaji

Havitoshi, mkuu. Kabla ya namba yoyote, amua pazia litakaa ndani ya uwazi wa dirisha au litafungwa ukutani juu yake. Hesabu za namna hizo mbili hazifanani hata kidogo, na pazia la kirumi likishakatwa fupi halirefushiki, maana fito zote, vile vijiti vya kulala vinavyoshika mikunjo, zimepangwa kwa kugawa urefu ule.

Sebuleni funga nje. Kwa sm 5, reli na mabano yake vitamaliza nafasi yote, na nyuma pete na kamba zitakuwa zinanasa kwenye nondo kila unaposhusha. Chukua upana wa uwazi, ongeza sm 10 kila upande: 170. Urefu ongeza sm 20 juu na sm 10 chini: 180. Hizo sm 20 za juu msizionee uchoyo. Pazia hili likipanda halipotei, linajikusanya kichwani. Ukifunga usawa wa linta, ile boriti ya zege juu ya dirisha, rundo hilo litakaa mbele ya kioo na utapoteza mwanga na hewa ya juu mwaka mzima.

Mgawanyo wa mikunjo kwa urefu wa 180 ni huu: acha sm 4 za kichwa, zinabaki 176, gawa kwa 11, unapata 16. Fito ya kwanza ikae sm 16 kutoka chini, zinazofuata kila baada ya sm 32, yaani 16, 48, 80, 112 na 144. Kipande cha chini lazima kiwe nusu ya vingine, kwa sababu vingine vyote vinajikunja mara mbili na chenyewe hakikunjwi. Fundi akigawa vipande sawasawa, cha chini kitaning'inia chini ya rundo pazia likiwa juu. Likipanda lote, rundo litakuwa kama sm 22, karibu lote juu ya kioo.

Jikoni weka ndani. Pima upana mahali patatu: juu, katikati, chini. Lipu zetu hazinyooki, utakuta 90, 89.6 na 89.2. Kipimo chako ni kile kidogo kabisa, kisha toa sm 1 ili kitambaa kisisugue ukuta. Pima na kona kwa kona, njia zote mbili. Tofauti ikizidi sm 1, dirisha limekaa upande, achana na kufunga ndani.

Sasa sikiliza kosa linaloharibu oda nyingi: mteja anatoa sm 1, fundi naye anatoa yake, pazia linakuja na mianya ya mwanga pande zote mbili. Kwenye ujumbe andika waziwazi ama "uwazi wa dirisha, sijatoa kitu" ama "pazia likiwa tayari". Upana uandikwe kwanza, urefu baadaye, zote kwa sentimita. Futi na inchi zisiingie humo.

Bitana_Safi

Nakubaliana na Pimamaji. Upande wa kitambaa, kitani tupu karibu na bahari sikushauri. Kinanyonya unyevu na kulegea, kikikauka kinarudi, na kwa madirisha mawili yaliyo ukuta mmoja utaona pindo za chini hazilingani. Tafuta kitani au pamba iliyochanganywa na poliesta. Mwonekano unabaki uleule, lakini kimetulia. Kama lazima iwe pamba tupu, kiloweshwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Kikipungua asilimia 3 tu baada ya kufuliwa, kwenye sm 180 zimeondoka zaidi ya sm 5, na fito zote zimehama mahali pake.

Bitana ni lazima kwa jua hilo. Bila bitana kitambaa kitapauka kwenye migongo ya mikunjo kwanza, utaona mistari. Rangi ya bitana iwe nyeupe au maziwa, inarudisha joto nje. Ya kuzuia mwanga kabisa haina kazi sebuleni, ni nzito na inakaza mikunjo. Ukiitaka chumbani, mwambie fundi mifuko ya fito ishonwe kwenye bitana peke yake, halafu bitana ishikizwe kwenye kitambaa cha mbele kwa mkono, nukta chache. Akipitisha cherehani kwenye tabaka zote mbili, kila tundu la sindano litawaka asubuhi, mstari mzima wa nukta za mwanga.

Kiasi cha kitambaa: kila pazia la 170 kwa 180 linahitaji kipande cha upana wa sm 180, pamoja na sm 5 za pindo kila upande, na urefu wa sm 200. Kwa kitambaa cha upana wa sm 140 utahitaji vipande viwili kwa kila dirisha, jumla mita 8.

Cherehani_Tanga

Bitana_Safi, mita 8 ni nyingi mno. Kipande kizima cha 140 kinakaa katikati, pembeni unaunga vipande vya sm 23 kila upande. Vyote vinne vya madirisha mawili vinatoka kwenye urefu mmoja. Kwa hiyo ni mita 6. Maungo yakae pembeni hivyohivyo, mshono ukipita katikati ya pazia la kirumi unaonekana vibaya na mwanga unauchora.

Afadhali zaidi atafute kitambaa cha mapazia cha upana wa sm 280. Kama hakina maua wala mistari, kinalazwa: ule upana wa 280 unakuwa urefu wa pazia, na kila dirisha linakula mita 1.8. Madirisha mawili mita 3.6, bila muungo wowote. Kikiwa na maua hakilazwi, maua yatalala ubavu. Na maua yana gharama yake: kama ua linajirudia kila sm 64, huwezi kukata 200, unakata 256 ili madirisha yote mawili yaanzie ua lilelile.

Jambo ambalo hamjaligusa ni fito. Pwani usikubali fito za chuma. Kutu inapenya bitana na kutoka mbele, na doa la kutu kwenye kitambaa halitoki kirahisi. Za mbao hupinda. Omba za faibaglasi au aluminiamu, na chini kuwe na ubapa wa aluminiamu wa upana wa sm 2 hadi 3 ili pazia lining'inie likiwa limenyooka. Kwa upana wa sm 170, kamba ziwe nne, kwenye sm 10, 60, 110 na 160. Kamba nne kwa fito tano ni pete 20, zihesabu siku ya kupokea. Kamba zikiwa tatu tu kwa upana huo, mikunjo italegea katikati.

Kichwa kishikizwe kwa velkro kwenye reli, na mifuko ya fito iachwe wazi upande mmoja. Bila hivyo hutaweza kulifua.

Mkazi_Kigamboni

Ahsanteni sana, nimeandika yote. Yamebaki mawili: watoto na kamba, na je, upepo wa bahari utapita? Sebuleni hatuna AC.

Pimamaji

Kuhusu watoto, usichukue pazia la kamba zinazoning'inia pembeni. Chukua reli yenye mnyororo wa shanga, na kitanzi cha mnyororo kiishie angalau sm 150 kutoka sakafuni. Reli yako itakuwa sm 20 juu ya uwazi. Ikiwa linta iko sm 210, reli iko 230, basi mnyororo usizidi sm 80. Mwandikie fundi urefu huo, la sivyo ataleta unaofika chini. Kuwe pia na kishikizo kinachoukaza mnyororo ukutani, kitanzi kilicholegea kinaweza kumnyonga mtoto. Makochi na stuli zikae mbali na upande wa mnyororo. Kamba za nyuma nazo zipite karibu na kitambaa, pete hadi pete, zisiache vitanzi.

Upepo ni kasoro ya kweli ya mapazia haya. La kawaida unalifungua pembeni, hewa inaingia yote. Hili likishuka limeziba. Sebuleni liinue sm 40 kutoka chini wakati wa joto, upepo utapita kwenye sehemu ya chini ya dirisha na jua la juu litabaki limezuiwa. Ila chumba cha kulala kisicho na AC, miezi ya kaskazi, mimi ningebaki na pazia la kawaida.

Kufunga: juu ya linta mara nyingi unatoboa zege, kwa hiyo drili iwe ya kugonga, biti ya mm 6, fisha (plagi za plastiki za kushikia skrubu) za mm 6, skrubu za mm 40. Biti ikigota kwenye nondo ya linta usilazimishe, sogeza bano sm 3 pembeni, linateleza kwenye reli. Na reli ifuate pimamaji, hata kama dirisha lenyewe limeinama.

Cherehani_Tanga

Jikoni nyongeza moja. Juu ya sinki kuna maji na mafuta, bitana yenye mpira mgongoni itaota ukungu. Weka bitana ya poliesta nyepesi. Kitenge kinafaa sana hapo: upana wake ni kama sm 115, pazia la sm 88 linatoka bila kuunga, na kwa urefu wa sm 100 mita 1.2 inatosha.