Naomba ushauri: leza ya macho, silinda -2.75

Habari wakuu. Naomba ushauri kwa wanaoifahamu leza ya macho. Macho yote mawili: sferi -1.50 (kutoona vizuri mbali), silinda -2.75 (astigmatizimu, yaani jicho halijapinda sawasawa pande zote), mhimili 180 (mwelekeo wa hiyo silinda kwa digrii), na namba haijabadilika miaka 2. Konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho) ina unene wa mikroni 505. Kwa LASIK (daktari hukata kifuniko chembamba cha konea, kisha leza huchonga chini yake), kifuniko kitachukua kama 110 na leza kama 60, zinabaki 335. Hapo sina wasiwasi.

Kinachonisumbua ni mhimili. Mtu akilala chali jicho huzunguka kidogo, na kila digrii 1 ya kukosea hupunguza takribani asilimia 3 ya marekebisho. Digrii 10 tu, theluthi nzima imekwenda. Je, nimsisitizie daktari aweke alama za wino kwenye weupe wa jicho nikiwa nimekaa wima, au mashine inayosoma mistari ya airisi (sehemu ya jicho yenye rangi) inatosha?

La pili ndilo zito: ramani ya umbo la konea inaonyesha imechongoka kidogo upande wa chini. Inaweza kuwa lenzi laini zimeibonyeza, au ni mwanzo wa keratokonasi (ugonjwa wa konea kuwa nyembamba na kuchongoka), ambapo leza ingezidi kuidhoofisha. Nimeshaziacha lenzi. Wiki 2 zinatosha kabla ya kurudia ramani? PRK (leza inayochonga uso wa konea moja kwa moja) haina kifuniko, lakini nayo inakula konea, kwa hiyo sioni kama ni kinga. Asanteni sana.